Kuhakikiana Mashairi kwa Ukweli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu warsha ambamo washiriki hutumiana rasimu za mashairi na kuhakikiana kwa maandishi. Mishororo ya mfano imetungwa kwa ajili ya maelezo haya tu.

## Misingi

Kuhakiki shairi warshani ni kufanya nini hasa?

Ni kumweleza mtunzi yaliyompata msomaji: wapi shairi lilimshika, wapi alikwama, wapi alielewa kinyume, na ni neno gani lililosababisha hayo. Mtunzi hawezi kuyaona peke yake. Anajua alichokusudia, kwa hiyo akili yake huziba mapengo kabla jicho halijayafikia.

Darasani tunahakiki shairi lililokwisha kuchapishwa, na tunauliza lina maana gani na limejengwaje. Warshani shairi bado liko jikoni. Kumworodheshea mtunzi takriri, tashbihi na tashihisi zilizomo, mtindo wa kujibu mtihani, hakumsaidii kitu: alizitia mwenyewe. Anachotaka kujua ni kama zinafanya kazi.

Mimi si mshairi hodari. Nina haki gani ya kumkosoa aliyenizidi?

Haki ya msomaji, nayo inatosha. Ila usidai usichokijua. Kama hujui kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, sema tu ulichohisi ulipolisoma kwa sauti. "Ulimi wangu ulijikwaa hapa" ni taarifa yenye thamani hata kama aliyeitoa hajui sababu yake, wanaojua watahesabu.

"Hongera malenga, shairi tamu" ni uhakiki?

Ni salamu, na salamu si mbaya. Sifa huwa uhakiki inapotaja mahali na sababu: "Katika ubeti wa pili ulipoacha kumtaja baba na kutaja viatu vyake tu mlangoni, nilijua amekwisha kufa kabla hujasema." Sifa ya namna hiyo humwonyesha mtunzi asichopaswa kukigusa anaporekebisha. Rasimu nyingi huharibikia kwenye marekebisho kwa sababu wahakiki walitaja makosa tu, naye mtunzi akaja kukata palepale palipokuwa na uhai.

Nisome mara ngapi kabla sijaandika neno?

Mara tatu, kila mara kwa kazi yake.

Usomaji wa kwanza uwe wa kimya, bila kalamu. Ukimaliza, andika sentensi moja inayosema shairi linahusu nini. Usiirekebishe baadaye hata ukigundua kuwa ulipotoka, maana kupotoka kwako ndiko anakotaka kukujua mtunzi. Usomaji wa pili uwe wa sauti, na shairi la arudhi (linalofuata kanuni za mizani na vina) likiimbika, liimbe: mshororo uliopungukiwa na mizani huilazimisha sauti ivute silabi, uliozidi huifanya ikimbie. Wa tatu ndio wa kalamu. Maoni yakitoka na ukali usioujua umetoka wapi, yaache yalale usiku mmoja kabla ya kuyatuma.

## Kutoa uhakiki

Nipange vipi maoni yangu?

Anza na ile sentensi yako moja, "nimelisoma kama shairi la…". Kama umesoma utengano wa ndugu naye aliandika kuhusu kuhama mji, hapo pekee amepata kazi ya wiki nzima. Fuata na jambo moja linalofanya kazi, pamoja na mahali lilipo. Kisha taja mawili au matatu yaliyokukwamisha, ukianza na zito. Mwisho weka swali moja, kama unalo la kweli.

Zaidi ya matatu mtunzi huchagua lililo jepesi kurekebisha na kuliacha lililo zito. Ukimtajia koma kumi na mbili na dhamira isiyoeleweka, atarudi na koma zimenyooka na dhamira ilivyokuwa. Makosa ya tahajia yakusanye katika mstari mmoja chini kabisa, au yaache hadi rasimu ya mwisho. Huenda mshororo wenyewe ukafutwa.

Kila hoja iwe na anwani yake: ubeti, mshororo, kipande, neno. "Ubeti wa tatu haueleweki" ni malalamiko. Linganisha na hili: "Ubeti wa tatu, mshororo wa pili, sikujua katika 'alimwacha' nani kamwacha nani. Nilidhani mama ndiye aliyeondoka, ubeti wa nne ukanipinga." Maoni ya pili mtunzi anaweza kuyafanyia kazi jioni hiyohiyo.

Mizani na vina nivikosoe vipi?

Kwa hesabu. Chukua mshororo huu wa shairi la mizani nane kwa nane:

*Usiku umeingia, na nyota zinameremeta*

Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, una mizani nane: u-si-ku-u-me-i-ngi-a. Utao, kipande cha pili, una tisa: na-nyo-ta-zi-na-me-re-me-ta. Maoni kamili ni haya: "Utao umezidi mizani moja, 'na' ikiondoka hesabu inatimia na maana haipungui." Kusema tu "mizani imekushinda" ni kumtwisha mtunzi kazi ya kutafuta kosa ambalo wewe umekwisha kuliona.

Kwenye vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, taja kina kinachotarajiwa, kilichopatikana na mahali. Kwenye utenzi angalia pia kina cha bahari, yaani kile kinachofunga kipande cha nne cha kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho. Watunzi hukipoteza kadiri beti zinavyosonga, na wahakiki nao, kwa kuwa wanasoma ubeti mmojammoja, hawakioni.

Kabla ya kumhukumu mtu hakikisha mnahesabu kwa namna moja. M na n zinazosimama kama silabi huhesabiwa: "mtu" ni mizani mbili, "nchi" ni mbili, lakini "ndege" si tatu bali mbili, kwa sababu n pale haisimami peke yake: nd ni ya silabi moja na e. Konsonanti iliyokosa irabu katika maneno ya mkopo, kama l ya "alfajiri" au k ya "maktaba", ndiyo inayozua ugomvi mwingi. Wengi huihesabu kuwa mizani kamili, kwa hiyo "alfajiri" huwa tano. Warsha ikubaliane mapema na kuliandika hilo kwenye kanuni zake.

Mizani imetimia, vina vimetimia, mbona shairi limepooza?

Swali hili ndilo linalostahili muda mwingi kuliko yote, na bahati mbaya ndilo linalopata muda mdogo, kwa kuwa kuhesabu ni rahisi kuliko kuuliza. Tafuta mambo manne.

La kwanza ni vijazo. Soma: *Kweli nasema jamani, moyo wangu waumia.* Nane kwa nane, safi. Lakini ukwapi wote hausemi lolote. Umekaa pale kushika nafasi. "Jamani", "hakika", "naam", "nawambia" na jamaa zao huingia mizani inapopungua. Jaribio ni jepesi: funika kipande kwa kidole. Maana ikibaki ileile, kipande hicho hakijalipia kodi yake.

La pili ni maana inayoburutwa na kina:

*Mama aliponitoka, nilibaki na huzuni*
*Machozi yakanishuka, samaki yuko majini*

Samaki huyo kaletwa na kina cha -ni, hana udugu na msiba. Mfano huu umetiwa chumvi ili uonekane. Rasimuni samaki huja amevaa vizuri zaidi. Mwulize mtunzi: "Neno hili ungelichagua kama kina kingekuwa -ka?" Mara nyingi dawa ni kubadili kina cha ubeti mzima, na hiyo ni kazi kubwa, hivyo mwambie wazi kuwa unajua unachomwomba.

La tatu ni viwakilishi. Kitenzi cha Kiswahili hakituambii kama mtendaji ni mke au mume, na nafsi ya tatu hubeba mtu yeyote. "Alimwambia amfuate" inaweza kuwa na watu wawili au watatu. Mtunzi anawaona wote mbele yake, msomaji hamwoni hata mmoja. Wahakiki wengi huuita ugumu huu "fumbo" na kuusifu. Fumbo humpa msomaji njia zaidi ya moja za kupita. Hapa hana hata moja.

La nne ni picha zilizochakaa: waridi, mwezi, nyonda mkalia ini. Usiseme "umeiga". Sema, "Hapa sikuona kitu, nilitambua tu kwamba ni shairi la mapenzi." Kama mtunzi anajua mpenzi huyo hufunga kilemba vipi au hucheka akiangalia wapi, hiyo ndiyo picha iliyokosekana.

Kibwagizo kina mtihani wake pia. Kisome mwishoni mwa kila ubeti ukijiuliza kama kimepata uzito mpya au kimebandikwa tu. Kikifaa kwa ubeti wa kwanza peke yake, mwambie.

Mtunzi anajitetea kwamba ni uhuru wa mshairi. Nimjibu nini?

Kwamba uhuru huo upo, na una gharama. Inkisari hufupisha neno, mazida hulirefusha (kama "enda" kuwa "enenda"), tabdila hubadili sauti ili kupata kina, na kuboronga sarufi hupindua mpangilio wa maneno. Zote ni halali. Unachopima ni kama msomaji amelipa zaidi ya alichopata.

Ukifupisha "nimekuja" kuwa "mekuja", umeokoa mizani moja, lakini sasa aliyekuja anaweza kuwa mimi, wewe, yeye au sisi sote. Muktadha ukimtaja, hakuna hasara. "Langu jina" badala ya "jina langu" haimpotezi mtu. Lakini "simba mtu kamuua" inaacha shaka juu ya nani yu hai. Andika hasara uliyoipata, usikatae mbinu. Na mbinu tatu katika mshororo mmoja ni dalili kwamba wazo halitoshei katika bahari, yaani aina ya shairi, aliyoichagua.

Shairi huru nalo linahakikiwaje?

Usilipime kwa mizani ambayo halikuiahidi. Ubishi wa wanamapokeo, wanaoshikilia mizani na vina, na wanamabadiliko, wanaotetea shairi huru, ulipamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya mshairi Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974. Hakuna haja ya kuurudia kwenye rasimu ya mtu aliyeomba msaada wa ubeti wa pili.

Uliza badala yake: kwa nini mstari unakatika hapa? Andika upya ubeti kama aya ya nathari na uisome. Kama hakuna kilichopotea, mikato haikuwa na kazi. Angalia neno linalofunga kila mstari, maana ndilo jicho hutua juu yake: mistari mingi ikifungwa na "na", "ya" au "kwa" bila sababu inayoonekana, sema. Angalia pia kama kuna mapigo mengine yaliyochukua nafasi ya vina, kama takriri, urefu wa sentensi au sauti zinazorudi. Shairi lisilo na arudhi wala mapigo mengine yoyote limebaki na picha na wazo tu, kwa hiyo hivyo viwili lazima viwe na nguvu maradufu.

Nimwandikie mshororo mbadala?

Mmoja, kama mfano, na pale tu ambapo maelezo hayatoshi. Kama ile "na" iliyozidi hapo juu. Ukiandika ubeti mzima umetunga shairi lako juu ya lake. Atalipokea kwa adabu, kisha ataacha kulipenda, au atalibandika na shairi litakuwa na sauti mbili. Eleza tatizo, dawa mwachie mwenyewe: mara nyingi huja na suluhisho ambalo hukulifikiria.

Nitasemaje ukweli bila kumvunja moyo?

Zungumzia maandishi, usimzungumzie mwandishi. "Ubeti huu unarudia wa kwanza" inastahimilika. "Wewe hujirudia" haistahimiliki. Mtaje msimulizi wa shairi kama "msimulizi" hata kama unajua ni yeye mwenyewe.

Kwa maandishi hakuna uso wala sauti, na utani husomwa kuwa kebehi. Alama tatu za mshangao, herufi kubwa tupu, na kale ka-"pole" kanakowekwa mbele ya lawama, vyote huongeza ukali. Epuka pia kuzungusha: aya mbili za sifa zisizo na mahali zikifuatiwa na "lakini" humfanya mtunzi azione sifa zote kuwa hongo. Sifa fupi ya kweli, halafu hoja.

Nguvu ya maoni ilingane na ombi. Anayetuma shairi lake la kwanza anahitaji jambo moja kubwa na sababu ya kuendelea. Anayejiandaa kupeleka diwani kwa mchapishaji anahitaji yote, hadi koma.

## Kupokea uhakiki

Nitume rasimu ya aina gani, na niambatishe nini?

Iliyokwisha kulala siku chache, ili uwe na nguvu ya kuibadilisha. Shairi la jana bado lina joto, na kila hoja utaiona uonevu. Lililokamilika machoni pako, ambalo huna nia ya kuligusa, usilitume. Unatafuta wasikilizaji, na hao hupatikana penginepo.

Ambatisha mistari miwili mitatu: bahari au aina, ni rasimu ya ngapi, na swali moja mahsusi, kwa mfano "je, msemaji wa ubeti wa nne anajulikana?" Usieleze dhamira. Ukiieleza hutajua kamwe kama shairi lingeifikisha lenyewe. Utenzi mrefu upunguze hadi beti kumi au kumi na tano kwa mara moja. Zaidi ya hapo wahakiki huchoka na mwisho wa shairi haupati msomaji makini.

Nijibu nini watu wanapotoa maoni?

Shukrani, na maswali ya ufafanuzi. Kishawishi ni kueleza: "Hapa nilimaanisha…" Huwezi kumfuata kila msomaji ukimnong'oneza hayo. Kama maelezo yako yalikuwa na jambo zuri, lihamishie kwenye shairi.

Ukishindwa kujizuia, andika utetezi wako mahali pengine na uusome baada ya siku mbili. Mara nyingi sentensi bora ya ubeti uliokosolewa imo humo.

Wahakiki wawili wamepingana. Nimfuate nani?

Angalia kwanza kama wamegusa mahali pamoja. Mmoja akisema ubeti wa tatu ufutwe, mwingine akisema urefushwe, wamekubaliana kwamba una kasoro. Wanatofautiana juu ya dawa, na dawa ni yako. Wakigusa mahali tofauti kabisa, rudi kwenye sentensi zao za mwanzo (tazama "Nipange vipi maoni yangu?"): aliyelielewa shairi karibu na ulivyokusudia ana uzito zaidi kwenye mambo madogo, na aliyepotea ana uzito zaidi juu ya pale alipopotelea.

Sauti moja ni maoni. Watatu wakikwama mshororo uleule bila kusomeana, usibishane nao.

Je, nifuate kila ninachoambiwa?

Hapana. Shairi lililomridhisha kila mtu huwa halina kona. Tenga hoja katika mafungu matatu: ulizokuwa unazijua moyoni na ukajidanganya, zirekebishe leo; zinazokushangaza, zipe wiki; zinazotaka shairi lingine kabisa, shukuru na uziache. Tunza rasimu ya kwanza bila kuifuta.

Nimeumia. Nifanye nini?

Funga, nenda, rudi kesho. Kisha andika kila hoja kwa maneno yako, ukiondoa ukali wa aliyeisema, na uone kinachobaki. Kikibaki kitu, ni chako kukifanyia kazi. Kisipobaki, haukuwa uhakiki. Soma jibu la mhakiki anayeshambulia watu, hapo chini.

## Palipo pagumu

Shairi la maombolezo, mtunzi bado yuko msibani. Nihesabu mizani?

Mpe pole kwanza, kama mtu, kisha uliza: "Ungependa tulihakiki, au tulisome tu?" Akitaka lisomwe tu, lisome uishie hapo. Akitaka lihakikiwe, hakiki kikamilifu kama shairi lingine lolote.

Mtunzi ni mzee kwangu, au alikuwa mwalimu wangu.

Heshima ikae kwenye salamu na lugha, isiingie kwenye hesabu. "Mwalimu, naomba kuuliza kuhusu ubeti wa pili, nimehesabu utao mara mbili nikapata saba" haina utovu wa adabu hata chembe. Umbo la swali hufaa hapa, mradi liwe swali na siyo kejeli iliyovishwa alama ya kuuliza.

Naweza kujibu shairi kwa shairi?

Majibizano ni mila kongwe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu. Lakini jibu la namna hiyo hujibu hoja ya shairi, na mtunzi wa rasimu bado hajui kama utao wake umetimia. Toa uhakiki kwanza. Shairi lako lifuate, na lisiwe la kumfundisha jinsi ya kutunga.

Sikubaliani kabisa na msimamo wa shairi.

Tamka hivyo kwa sentensi moja, ili mtunzi ajue umesimama wapi, kisha pima kama shairi limeujenga msimamo huo vizuri. Ukishindwa kutenganisha, muachie mwingine. Shairi linalotukana watu kwa kabila, dini au maumbile halihitaji uhakiki wa mizani. Lipelekwe kwa msimamizi.

Shairi limetungwa kwa lahaja nisiyoijua.

Uliza maana kabla ya kuliita neno kosa. Kitu cha kuhakiki ni uthabiti: kama mtunzi anatumia "ndia" ubeti wa kwanza na "njia" wa tatu, mwulize kama ni kusudi au ni mizani na vina vilivyomsukuma. Vina vya l na r, au dh na z, navyo hutegemea matamshi ya mtunzi. Ripoti jinsi ulivyovisikia na umwachie uamuzi.

Nashuku shairi limeibwa, au limetungwa na programu ya kompyuta.

Usimshtaki mbele ya wote. Kwa wizi, mpelekee msimamizi mishororo inayofanana pamoja na chanzo chake, bila maoni mengine. Kumbuka kwamba misemo, methali na vina vya kawaida ni mali ya wote. Kufanana kwa mshororo mmoja hakutoshi. Kwa programu, huna ushahidi wa kuthibitisha kutokana na maandishi peke yake. Uliza maswali ya utunzi: kwa nini neno hili, mkato huu umetoka wapi. Aliyetunga huwa na jibu, hata kama ni baya.

Mhakiki mmoja anashambulia watu. Tumfanyeje?

Msimamizi amwandikie faraghani, akinukuu sentensi mahsusi na kuonyesha namna ambavyo hoja ileile ingeandikwa. Wengine wasimjibu kwa ukali, wala wasimzunguke mtunzi kwa sifa za kumfariji, kwa sababu hapo hoja halali iliyokuwa ndani ya matusi huzikwa pamoja nayo. Akirudia baada ya onyo la pili, asimamishwe kuhakiki kwa muda lakini aruhusiwe kutuma mashairi yake. Wengi hulainika wakiwa upande wa kupokea.

Nimelisoma mara tatu na sina la kusema.

Tuma ile sentensi ya usomaji wa kwanza na mshororo mmoja uliokubaki kichwani. Kama hakuna mshororo uliobaki, mwambie hivyo, na mtajie ni wapi ulianza kusoma haraka.